Usifunge Mulango wa Motokari kwa Kamba



Katika miji yetu ya migodi, Likasi, Kipushi, Kolwezi, motokari nyingi ni za miaka mingi. Injini ingali na nguvu, lakini mulango umechoka. Ukiufungua, unashuka. Ukitaka kuufunga, unapaswa kuuinua na kuupiga. Siku moja mukono wake unavunjika, na mwenye motokari anatafuta kamba ya mpira. Anasema: « Bora tufike. »

Motokari yangu vilevile ni ya zamani. Ninatembelea nayo wakristo katika vijiji, na mara nyingi watoto wanakaa nyuma. Kwa hiyo kuna jambo moja ninaangalia kuliko rangi na viti: kila mulango ufungike vizuri, na ufunguke kutoka ndani. Mulango wenye kufunguka njiani unaweza kuangusha mutoto. Mulango wenye kufungwa kwa kamba unaweza kufungia jamaa nzima ndani, siku ya aksida ao ya moto.

Basi, tuanze wapi? Usianze na kitasa. Fungua mulango nusu, shika ncha yake, uinue na kuushusha polepole. Mwenzako aangalie bawaba, zile chuma mbili zenye kubeba mulango. Kama bawaba nzima inatikisika, buloni zimelegea, uzikaze. Lakini mara nyingi ni pini inacheza katika tundu lake. Pale kuna pete ndogo, mafundi wanaiita bage. Mavumbi yetu mekundu yakichanganyika na mafuta, yanaikula sawa tupa. Mulango wa dereva unachoka wa kwanza, kwa sababu unafunguliwa mara nyingi.

Kama hupati pete mupya, fundi mwenye mashini ya kuchonga chuma anaweza kukutengenezea. Umuombe bronzi, si shaba tupu. Shaba tupu ni laini kwa kazi ile. Bronzi ni shaba yenye kuchanganywa na bati, yale madini yaliyojulisha Manono. Udongo wetu una yote mawili!

Mbele ya kutoa pini, weka kriki chini ya mulango, na ubao na kitambaa juu yake. Badilisha pini moja, kisha ya pili. Ukizitoa zote pamoja, mulango utakuangukia. Kisha tu, angalia namna kitasa kinaingia katika chuma cha nguzo. Wengi wanasogeza chuma kile kwanza, kifuate mulango wenye kushuka. Pini inaendelea kulika, na mulango unashuka tena.

Mukono nao hauvunjiki bure. Tunauvuta kwa hasira wakati mulango umekwama. Mikono mingi ya zamani ni ya madini yenye zinki, na kuiunganisha kwa moto hakusaidii sana. Tafuta ingine, hata kwenye motokari iliyokufa ya aina ileile.

Kama mulango wa nyuma haufunguki kutoka ndani, angalia kwanza kile kifungo kidogo cha kuzuia watoto, kwenye ukingo wa mulango. Pengine mutu amekisukuma tu. Kama sicho, toa kifuniko cha ndani: mara nyingi fimbo ndogo ya chuma imetoka katika kishikizo chake cha plastiki. Ile nailo ya ndani uirudishe, inazuia maji.

Kazi ikiisha, usifunge mulango mara moja. Ukiwa ungali wazi, sukuma ulimi wa kitasa kwa turnevisi mpaka ushikwe, kisha vuta mukono wa ndani, na halafu ule wa inje. Kama ulimi haurudi, ungejifungia kazi mupya.

Baba, mama, jioni hii kaa ndani ya motokari, ujaribu milango yote, mumoja mumoja. Ule wenye kukataa, utengenezwe mbele ya kupandisha watoto.