Toto wa Rayon na Walimu wa Mpira wa Gisozi

Katika zama za utoto wangu, mtaani Biryogo, jijini Kigali, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya madrasa na ya ugomvi wa watoto, mwalimu wa mpira alikuwa mtu wa timu kubwa peke yake, na sisi wadogo hatukuwa naye wala hatukudhani kwamba tunamhitaji. Tulikuwa na mpira wa majani makavu ya migomba uliokazwa kwa kamba, na mwenye nguvu ndiye aliyekuwa sheria: mkubwa akisema ni bao, ni bao, akisema si bao, mdogo hunyamaza au hushika njia ya kwao na donge rohoni. Mchezaji aliyestaafu naye aghalabu alifungua duka au aliendesha teksi, akabaki kuwa jina la kutajwa barazani.

Jina tulilolitaja kwa mahaba siku hizo lilikuwa la Eric Eugène Murangwa, mlinda mlango wa Rayon Sports, kijana mdogo sana kwa dhamana aliyopewa, ambaye watu walimpa lakabu ya Toto. Mwanzoni mwa mwaka 1994, Rayon walipokwisha kufungwa bao moja kwa nunge na Al-Hilal huko Sudan, kisha wakawapiga manne kwa moja hapa Kigali, mji ulifurika barabarani, na watu ambao redio ilikuwa ikiwahimiza usiku na mchana wachukiane wakakumbatiana pasipo kuulizana nasaba. Niliyatazama hayo nikiwa mabegani mwa mjomba wangu, nami kwa akili ya kitoto nikayakinisha kwamba furaha ile haina mwisho.

Haukupita muda mrefu, nchi ikaingia katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Yaliyoifika nyumba yetu sitayasimulia hapa. La Murangwa nitalisimulia, maana yeye mwenyewe amelihadithia mara nyingi mbele ya watu. Wanajeshi waliingia kwake mwezi wa Aprili, wakapekua na kutupatupa vitu, na katika kutupa huko albamu ya picha ikaanguka. Mmoja wao akaona picha ya mtu aliyevaa jezi ya Rayon, akamwuliza kama yeye ndiye Toto. Ghadhabu ikageuka mazungumzo ya mpira, na wale waliokuja na mauti wakaondoka. Baada ya hapo wachezaji wenzake, Wahutu kwa Watutsi, walimficha kwa kuhatarisha roho zao, na hata mtu mmoja wa uongozi wa klabu, aliyekuwa miongoni mwa wanamgambo wa Interahamwe, alimkinga. Murangwa alisalimika, lakini mdogo wake, mtoto wa miaka 7, aliuawa, pamoja na jamaa zake wengi.

Ama Gisozi, ambako tulihamia baada ya vita, ni kilima kinachotazamana na katikati ya mji, ng'ambo ya bonde. Leo msafiri hupokewa na mlio wa misumeno na harufu ya vanishi kutoka karakana za maseremala wa Gakinjiro, na wanafunzi wa chuo kikuu cha ULK hujaa njiani jioni. Zamani zile palikuwa na mashamba na nyumba chache za udongo. Mwezi wa Aprili 2004 yalifunguliwa hapo makumbusho ya mauaji ya kimbari, katika ardhi ambamo wamelala watu zaidi ya 250,000. Kimo humo chumba cha watoto. Chini ya picha ya kila mmoja yameandikwa mambo machache, kama vile mchezo alioupenda na jinsi alivyouawa. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 10: mchezo wake mpira, furaha yake kuwachekesha watu, matumaini yake kuwa daktari, na kauli yake ya mwisho ilikuwa imani kwamba majeshi ya Umoja wa Mataifa yatakuja kuwaokoa. Kila mara nipitapo mbele ya picha ile hujiuliza ni nani, katika watu wazima waliopata kumwona akicheza, aliyemjua kwa jina.

Mwaka ule ule wa 2004 Amavubi, timu yetu ya taifa, walikwenda Tunisia katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, wakaishinda Kongo bao moja, nasi tukashangilia hadi sauti zikatukauka. Lakini mabadiliko ninayotaka kuyaeleza, ya namna watoto wanavyofundishwa mpira, yalikuja baadaye na kwa njia mbili. Ya kwanza ilipigiwa tarumbeta: Mfaransa Richard Tardy aliwakusanya vijana wa chini ya miaka 17, akawatunza na kuwafundisha hata mwezi wa Januari 2011 wakafika fainali ya Afrika iliyochezwa hapa hapa Rwanda, wakafungwa na Burkina Faso mbili kwa moja, na Juni wakaenda Mexico kwenye Kombe la Dunia. Tangu hapo wazazi wakaanza kuwaleta watoto wao uwanjani badala ya kuwafukuza huko. Kazi ile ilikuwa adhimu, wala siibezi. Ila waliokwenda Mexico walikuwa vijana 21, na kilima kimoja cha Kigali kina watoto maelfu.

Njia ya pili haikuwa na kelele. Murangwa, aliyekuwa amehamia Uingereza, alianzisha mwaka 2010 jumuiya ya mpira kwa ajili ya matumaini, amani na umoja, akautumia mchezo uliomwokoa kuwafundisha vijana, na mwaka 2018 Waingereza wakamtunukia nishani ya MBE. Huyu ndiye aliyenibadilisha fikra, kwani alionyesha kwamba mchezaji anaweza kurithisha kitu kilicho bora kuliko ufundi wa miguu.

Hilo naliona kwenye uwanja wetu wa vumbi hapa Gisozi, ambako beki mmoja wa zamani wa daraja la pili huwaketisha watoto duara kabla ya mchezo, wavulana na wasichana pamoja, wapatane wenyewe juu ya kanuni za siku hiyo, refa hakuna. Juma lililopita mpira ulimgusa mkono binti wa miaka kama 11, mbali na macho ya wenzake. Akausimamisha kwa unyayo, akauweka chini, akawapa wapinzani. Mchezo ulipokwisha wakaketi tena kupeana alama za uungwana, na kitoto kimoja chembamba kikalalamika kwamba kipindi chote hakikupewa pasi. Mkubwa wa timu alitakiwa kujibu mbele ya wote, akajibu kwa adabu, akakiri. Mwalimu hakutia neno. Naamini kwamba dakika kumi zile za kuketi zina thamani kubwa kuliko mazoezi yote ya mbio.

Walimu wa namna hii kwetu ni wachache mno. Nawasihi wachezaji wastaafu wa Rayon, wa APR, wa Kiyovu na wa timu ambazo hakuna anayezikumbuka, waje. Mshahara hatuna, watoto wapo uwanjani kila Jumamosi tangu saa moja asubuhi.