Bao la Kuongeza

Kwa muda wa wiki tatu hivi, sisi walimu wachache wa Pundanhar tumekuwa na mjadala ambao mtu wa mbali angeuona kuwa ni wa mzaha. Tumechangishana fedha kidogo kwa ajili ya kikundi chetu cha Kiswahili cha jioni, nasi tumeafikiana kwamba fedha hizo zinunue bao. Hapo hapana ubishi. Ubishi umo katika swali la pili: bao lipi?

Yafaa nieleze kwanza hali yetu. Darasani mimi hufundisha Kireno kama mitaala inavyotaka, na Kiswahili tunakisoma baada ya saa za kazi, chini ya mkorosho, pamoja na vijana wanaopenda. Vijana hao hucheza bao kila siku. Huchimba mashimo mchangani, safu nne za mashimo manane, wakatia kete mbili mbili katika kila shimo hata zikaenea zote 64, kisha wakaanza kulana. Mchezo huo ndio uitwao bao la kujifunza. Wameumudu barabara, na baadhi yao wana kasi ya mkono inayoshangaza. Lakini zaidi ya hapo hawajui, na hiyo ndiyo sababu ya kusema kwamba tunatafuta bao la kuongeza.

Bao la Kiswahili lenyewe haliongezi hata shimo moja wala kete moja. Mashimo ni yale yale 32 na kete ni zile zile 64. Kinachoongezeka ni mwanzo. Kila mchezaji huweka kete sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani mwake. Zilizobaki, yaani 22, huzishika mkononi. Kisha huingiza moja moja kwa zamu. Akiitia katika shimo lake la mbele lenye kete, na shimo linalolikabili la mwenziwe nalo lina kete, basi amekula, na kula ni lazima. Alichokula hukisambaza kuanzia kichwani, upande wake mwenyewe. Huko ndiko kunamua. Kete za mkononi zikisha ndipo huingia awamu ya mtaji, ambayo vijana wetu tayari wanaijua kwa namna yao.

Sasa tazama jambo la nyumba. Mchezaji anayekula, kete yake ya mwisho ikiangukia katika nyumba yake ambayo bado haijavunjwa, hupewa hiari: asimame hapo akiba yake ikue, au azichote zote asafiri nazo. Kijana aliyezoea bao la kujifunza hajapata kuulizwa swali kama hilo. Amezoea kwenda mpaka alale. Nimewaona wawili niliowajaribu mchangani: kila walipofika nyumbani walisafiri, na kila waliposafiri waliliwa. Nilifurahi mno, kwa kuwa nilijua wiki ijayo mmoja wao atasimama.

Na kwa mwalimu wa lugha, awamu hii ni hazina. Kunamua ni kunasua kitu kilichonasa. Mtaji twaujua katika biashara. Kutakasa kijana amekusikia msikitini au kanisani, wala hakutazamia kukukuta kwenye ubao ambapo mtu hana cha kula ila kupanga upya kete zake. Ongeza kichwa, kimbi, kulala, kusafiri, na lile neno fupi la kumaliza mambo, hamna, linalotamkwa safu ya mbele ya mtu inapobaki tupu. Nimepata kufundisha msamiati kwa orodha ubaoni kwa miaka mingi, na sikumbuki orodha iliyoshikwa upesi kama maneno haya.

Turudi kwenye ununuzi. Yaliyo mbele yetu ni matatu. La kwanza ni bao la mpingo, lililonakshiwa pembeni sura za watu kwa ustadi ambao Wamakonde wanasifika nao kotekote, tangu kwao Mueda hata Dar es Salaam walikohamia wachongaji wengi. Ni zuri, lakini mashimo yake ni madogo kiasi kwamba kete kumi zikikutana humwagika. Nadhani lilichongwa liangaliwe. Hilo tuliliacha siku ya kwanza. La pili ni bao kubwa la mkongo, lenye nyumba mbili za pembe nne na mashimo mawili ya akiba kandoni, ya kuwekea zile kete 22. La tatu si moja bali ni mawili: mbao mbili nyepesi za mwembe, mashimo yote ya duara, bila akiba, ambazo fundi atatuuzia zote kwa bei ya lile moja la mkongo.

Mwenzetu mmoja, mwalimu kijana wa hesabu, alisimama na mbao mbili. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Mbao mbili ni vijana wanne wanaocheza badala ya wawili. Na nyumba, alisema, huweza kuchorwa kwa mkaa. Ni kweli. Mchangani huchorwa kwa kidole, na watu wamecheza hivyo vizazi na vizazi. Laiti ingekuwa shida yetu ni vijana tu, ningelikubaliana naye palepale.

Lakini yupo mzee. Alikuwa kijana mdogo alipovuka Ruvuma na wazazi wake katika miaka ya vita vya ukombozi, akakulia upande wa Mtwara, na huko ndiko alikojifunza kunamua. Walirudi baada ya uhuru wa mwaka 1975, wakarudi na Kiswahili chao na bao lao. Wenzake aliokuwa akicheza nao hapa walikuwa wanne au watano. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na uvamizi wa Palma wa tarehe 24 Machi 2021, viliwatawanya watu wa wilaya hii. Wengine hawakurejea, wengine wamekwisha kufariki. Bao lake mwenyewe lilipotea wakati huo. Mtu anayekimbia usiku na wajukuu hajitwiki gogo la mkongo. Vijana wetu, nao, walijifunza bao huko walikokimbilia, watoto wakifundishana wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana walilolipata ni lile la kujifunza.

Mzee huyu macho yake yamefifia. Mchangani hawezi tena kucheza, kwani akipapasa mashimo hubomoka. Mkaa hauoni. Lakini nilimwazima kwa fundi lile bao la mkongo kwa jioni moja, nikaona alivyopitisha kidole safu ya mbele mpaka kikagota kwenye pembe ya nyumba, akasema, "Haya, mwalimu, tia sita hapa." Kete za shimo huzihesabu kwa ncha za vidole, wala hakukosea hata mara moja. Alinifunga mara mbili, ya pili hata kete za mkononi sikuzimaliza.

Niliwaeleza wenzangu hayo bila kuyapamba. Nilisema pia kwamba mbao za mwembe tutaweza kuzinunua mwakani au mwaka wa tatu, ilhali sijui ni nani atakayetufundisha kunamua mwaka wa tatu. Yule mwalimu wa hesabu aliuliza kama mzee yu radhi kufundisha, au ni mimi ninayemtwika kazi. Swali zuri. Tukaenda tukamwuliza. Alijibu kwamba atafundisha, kwa sharti kuwa vijana wasimwachie ashinde kwa heshima ya mvi, maana atajua.

Basi tumenunua la mkongo. Fundi amekubali kulipiga msasa upya na kupanua kidogo mashimo ya akiba. Zimebaki komwe. Huku bara mkomwe hauoti. Wenyewe hupenda mchanga wa pwani. Tulizo nazo sasa ni 51 tu, nyingine zimepasuka. Mwalimu wa hesabu anakwenda Palma mwisho wa mwezi kufuata mshahara, naye ameahidi kupita ufukweni. Nimemwambia alete 20, kwa kuwa watoto huzipenda kwa kuchezea na hazikai.