Ufa Mdogo Katika Mkanda wa Motokaa



Watu wanipitiao siku ya Jumamosi huniona nimelala chali chini ya motokaa ya misheni yetu, miguu imetokeza nje, nguo zimejaa grisi, nao hucheka wakisema, "Mwalimu leo amekuwa utingo!" Siwakatazi kucheka. Lakini leo nataka kuwaeleza kwa nini siiachi kazi ile, na katika kueleza nitasema jambo ambalo si la kujisifu.

Motokaa yetu ni Land Rover ya zamani, ya namna iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Babu yao wa kwanza alionyeshwa watu mjini Amsterdam mwaka 1948, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati chuma kilipokuwa haba. Ndiyo sababu mabati ya mwili wake ni ya alumini, nayo hayashiki kutu. Lakini mifupa yake, yaani chesisi, ni ya chuma, nayo huliwa na kutu kama jembe lililosahauliwa shambani. Ndani yake mna kishikio cha manjano: ukikibonyeza, magurudumu ya mbele nayo huvuta pamoja na ya nyuma. Kuna na chekundu: ukikivuta nyuma, gari huenda polepole kwa nguvu nyingi sana. Pasipo vishikio hivyo viwili, hatungeweza kuvuka udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua.

Aliyenifundisha kuitunza ni mzee mmoja aliyekuwa dereva wa misheni, ambaye babu yake alikuwa mpagazi katika njia ya misafara. Ninyi mwaijua habari ya njia ile, itokayo Bagamoyo, ikapita hapa Tabora, ikaenda mpaka Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Reli ilipofika hapa mwaka 1912, safari ya miezi ikawa safari ya siku chache. Lakini kabla ya hapo kila kitu kilipita juu ya mabega ya watu, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili. Mzee wangu alipenda kuniambia, "Mwanangu, mpagazi haikagui kamba yake njiani. Huikagua kambini, jua lingalipo."

Basi, Jumamosi ndiyo kambi yangu. Asubuhi, kabla injini haijapata moto, hutazama maji ya rejeta, na mafuta ya injini kwa kijiti chake, na mafuta ya breki, na maji ya betri. Kisha hufungua chujio la hewa, ambalo lina mafuta chini yake ya kunasa vumbi. Na wakati wa kiangazi nikiyaona yamekuwa kama tope huyamwaga, nikatia mengine. Halafu huingia chini na bomba la grisi, nikapaka viungo vya shafti, nikakaza nati za springi, kwa maana mashimo ya njia zetu hulegeza kila kilichokazwa. Mwisho huutazama mkanda wa feni. Mkanda huu ni kitu kidogo cha mpira, lakini ndio uzungushao feni, na pampu ya maji, na mashine ya kutia betri umeme. Ukikatika, injini huchemka kama chungu kilichoachwa motoni.

Sasa nisikilizeni. Jumamosi moja ya mwezi wa Februari niliupinda mkanda ule kwa vidole, nikaona ufa ndani yake. Mkanda mpya ulikuwapo stoo, juu ya rafu. Kazi ya kuubadili haizidi nusu saa. Lakini jua lilikuwa likishuka, na wanafunzi wangu walikuwa uwanjani wakicheza mpira na shule ya jirani, nami nilitamani kuwaona. Nikajiambia, "Utafika Jumamosi ijayo." Nikafunga boneti. Na Ijumaa iliyotangulia, jana yake tu, nilikuwa nimewaandikia watoto wa darasa la tano ubaoni methali hii: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jumatatu, saa nne usiku, mama mmoja alipiga hodi kwangu, amembeba mwanawe wa miaka saba. Mtoto alikuwa na homa kali, tena alikuwa ameanza kushikwa na degedege. Padre alikuwa safarini, na ufunguo wa gari ulikuwa kwangu. Tukaondoka kwenda hospitali mjini, safari ya saa mbili wakati wa mvua.

Katikati ya pori la miombo taa nyekundu ikawaka mbele yangu, mara mvuke ukapanda. Nikafungua boneti, mkanda umekatika palepale nilipouona ufa. Mkanda mpya ulikuwa stoo, juu ya rafu.

Yule mama aliposikia nahitaji kamba, aliipasua kanga yake mwenyewe. Nikaisokota, nikaifunga mahali pa mkanda. Ikatuchukua mwendo kidogo, ikakatika. Tukafunga tena. Kanga ilipokwisha, tulikwenda mwendo mfupi, tukazima injini, tukangoja ipoe, tukatia maji ya debe, tukaenda tena. Kila tuliponyamaza kungoja, nilisikia pumzi za mtoto nyuma yangu. Mama akaniambia kwa upole, "Mwalimu, usihuzunike. Ni mapenzi ya Mungu." Nami nikajibu, "Ndiyo, mama."

Tulifika saa kumi na moja alfajiri. Waganga walimpokea mtoto, na kwa neema ya Mungu akapona.

Tuliporudi kijijini watu walinishukuru sana. Jumapili nilitajwa kanisani kuwa mtu aliyeokoa maisha. Nilikaa katika kiti changu kama mtu aliyekalia makaa. Kuacha mkanda ule lilikuwa kosa la uvivu. Lakini lile neno "Ndiyo, mama" lilikuwa kosa kubwa zaidi, maana nilimtwisha Mungu mzigo wangu mimi. Adamu alimtupia lawama Hawa. Mimi nilimtupia Muumba mwenyewe.

Siku ya tatu sikuweza kuvumilia. Nilikwenda nyumbani kwa yule mama, nikamkuta akibangua karanga. Nikamweleza yote: ufa, stoo, rafu, na mchezo wa mpira. Alibangua karanga muda mrefu bila kusema neno. Mwisho akasema, "Kanga ile alininunulia marehemu mume wangu." Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Sasa nimejua. Jumamosi mtoto atakuja kukushikia taa, ili macho yawe manne."

Akaja. Na mpaka leo huja kila Jumamosi, anishikie taa chini ya gari. Nimempa daftari, naye huandika kwa mkono wake: maji, mafuta, breki, grisi, mkanda. Kitu kikiwa na kasoro hanipi nafasi ya kufunga boneti. Na mkanda wa akiba hukaa ndani ya gari, chini ya kiti, si stoo.

Ndugu zangu, si kila mtu ana motokaa. Lakini kila mtu ana kamba yake ya kukagua: mwingine paa la nyumba, mwingine deni, mwingine neno alilomwambia mkewe. Tusiungoje ufa utuambie habari zake usiku, katikati ya pori. Na ukikatika kwa uvivu wetu, tusiseme ni mapenzi ya Mungu.