Bunduki Kisiwani

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mashairi, mavazi na mapishi. Hayo ni kweli, wala hatuyapunguzii heshima yake. Walakini taifa hujulikana pia kwa namna linavyokaa na kitu cha hatari: nani aruhusiwe kukishika, kihifadhiwe wapi, kitolewe siku gani, na mwenye nacho akifa kiende kwa nani. Katika insha hii twataka kuitazama bunduki kwa jicho hilo, na kuitazama hapa Unguja na Pemba, visiwa vilivyokuwa dola mpaka 26 Aprili 1964 vilipoungana na Tanganyika.

Tuanze na lugha, maana huko ndiko tulikozoea kutembea. Bunduki ni neno lililotoka kwa Waarabu, na risasi vivyo hivyo. Baruti imetufikia kutoka mashariki hiyo hiyo. Bastola ni ya Wazungu. Mzinga ndio wetu, nao tuliuazima kwa warina asali, kwa kuwa gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini kwa ajili ya nyuki lilifanana na chuma kile kilichotokeza ubavuni mwa merikebu za Wareno. Mwanafunzi atakayeyapanga maneno haya kwa asili zake ataiona historia nzima ya jambo letu: silaha hizi zilikuja kwa bahari, na jina likashuka chomboni pamoja na kitu chenyewe.

Kabla ya hapo watu wa visiwa hivi hawakuwa malaika. Waligombana, na walikuwa na mikuki na mapanga. Lakini tazama walivyouwekea ugomvi mipaka. Huko Makunduchi, kila Julai, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume hutoka uwanjani wakapigana kwa mashina ya migomba, huku wanawake wakiimba na kuwatolea maneno makali. Mwenye kinyongo cha mwaka mzima hukimalizia hapo, kisha watu hula pamoja. Shina la mgomba huuma, lakini haliui. Waliobuni desturi hii walijua kwamba kisiwani adui yako wa leo utakutana naye kesho kisimani, na kesho kutwa msikitini, na huna pa kuhamia.

Bunduki haina hisani hiyo. Na waliotawala walilitambua hilo mapema sana. Tarehe 21 Septemba 1833 Seyyid Said bin Sultan alitia saini mapatano ya biashara na Marekani, yaliyojadiliwa na mjumbe wao Edmund Roberts. Wamarekani walipewa ruhusa ya kuuza bidhaa zao katika bandari zote za Seyyid. Jambo moja lilitengwa: bunduki, baruti na risasi, katika kisiwa cha Unguja, ziuzwe kwa serikali tu. Katika bandari zake nyingine zote silaha hizo hizo ziuzwe bila kizuizi chochote, kwa yeyote atakayetoa bei ya juu.

Tunawaomba walimu wasiipite ibara hiyo haraka. Sisi tulipoisoma mara ya kwanza tulikaa nayo siku nyingi. Mtawala huyu hakuwa mjinga wa mambo ya silaha. Aliijua bunduki vizuri kuliko wengi. Alijua itafanya nini katika mji wa vichochoro, wenye watumwa wengi na mabwana wachache, na wageni wa kila bandari. Kwa hiyo akaufunga mlango wa nyumba yake. Kisha akaufungua mlango wa jirani. Vyombo vilivuka kwenda Mrima, na kutoka Mrima misafara ikapanda bara, bunduki zikienda juu, pembe na watu waliofungwa minyororo wakiteremka pwani. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Sisi wa visiwani hupenda kujisifia utulivu wa mji wetu wa zamani, milango yake ya kuchongwa na baraza zake. Ni haki tukumbuke kwamba sehemu ya utulivu huo ililipiwa na vijiji vya bara vilivyochomwa moto usiku kwa baruti iliyopita mikononi mwetu.

Wazungu walipokuja kuzuia biashara hiyo, walizuia kwa namna yao. Mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890 uliweka sheria juu ya silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Raifali na bunduki za kisasa zikakatazwa kuuzwa kwa wenyeji. Bunduki za gumegume na baruti hafifu zikaruhusiwa, nazo kwa kibali na kwa kupitia ghala za serikali. Mkataba ulisema unapiga vita utumwa, na hatukatai kuwa ulikuwa na nia hiyo. Lakini tokeo lake lilikuwa kwamba gobori likawa silaha ya Mwafrika na bunduki ya kisasa ikawa ya mtawala wake. Miaka sita baadaye, 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zililipiga kasri la Unguja. Vita vile havikufika saa moja. Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa; upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hatuna haja ya kuongeza neno.

Gobori, basi, ndilo lililobaki mashambani. Mwenye gobori alimimina baruti mtutuni, akashindilia kwa mdeki, akatia vipande vya chuma au marisau, kisha akaomba Mungu. Alilinda muhogo usiliwe na nguruwe mwitu na nazi changa zisiharibiwe na kima. Wako waliomwinda chui. Baada ya 1964 ilifanywa kampeni kubwa ya kuwaua chui wa Unguja, iliyoitwa kwa jina la kiongozi wake, Kitanzi, maana watu wengi waliamini kwamba chui wengine hufugwa na wachawi. Leo wataalamu wengi wanaona mnyama huyo ametoweka. Bara chui akisakwa huvuka mto akaenda pori jingine. Huku angevuka nini?

Turudi kwenye ghala. Kanuni ya 1833, kwamba silaha kisiwani ziwe mkononi mwa serikali tu, ilipita kutoka kwa masultani hadi kwa Waingereza, na kutoka kwa Waingereza hadi kwa serikali iliyopata uhuru 10 Desemba 1963. Kanuni hiyo ina faida, lakini ina siri ndani yake: silaha zote zikiwa katika chumba kimoja, mwenye ufunguo wa chumba ndiye mwenye nchi. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, wanamapinduzi waliokuwa na mapanga, mikuki, pinde na silaha chache za moto waliziendea kambi za polisi za Ziwani na Mtoni. Ghala zilipofunguka, utawala ulikuwa umekwisha. Katika siku zilizofuata watu wengi walipoteza maisha, na katika familia nyingi za visiwa hivi jambo hilo bado huzungumzwa kwa sauti ya chini. Tarehe 7 Aprili 1972 Rais wa kwanza, Mzee Abeid Amani Karume, naye aliuawa kwa risasi pale Kisiwandui.

Wala si sisi peke yetu. Majirani zetu wa Shelisheli walipinduliwa 5 Juni 1977 na kundi dogo lililoanza kwa kuteka silaha za polisi. Na 25 Novemba 1981 mamluki wa Mike Hoare walishuka uwanja wa ndege wa huko wakijifanya watalii, bunduki zikiwa zimefichwa chini ya mikoba yao. Aliyewavuruga alikuwa ofisa wa forodha, aliyepekua mkoba mmoja akakuta silaha. Twapenda sana kisa hicho, labda kwa kuwa sisi wenyewe tumekula mshahara wa serikali miaka mingi, na si kila siku kazi ya karani huokoa dola.

Katika miaka hiyo ya utumishi, tulipokuwa katika ofisi ya wilaya moja, sheha alituletea bibi mmoja mjane aliyekuja na mwanawe wa kiume. Marehemu mumewe alikuwa na gobori lenye kibali. Sheria zetu hazifanyi bunduki kuwa urithi kama shamba au mkufu: kibali ni cha mtu, na mtu akifa silaha hurudishwa polisi. Bibi alikuwa radhi. Alisema, “Mwanangu, nimelala na kitu hicho miaka arubaini juu ya kichwa changu. Kichukueni.” Kijana hakuwa radhi. Alituambia, kwa adabu lakini kwa uchungu, kwamba babu yake ndiye aliyelinunua kwa fedha za karafuu, kwamba babaye alifundishwa nalo, na kwamba hakuna picha hata moja ya babu nyumbani mwao. Tukimwondolea gobori tunamwondolea sura ya mzee.

Tulimweleza sheria, na tunaamini hata leo kwamba sheria ni sahihi. Gobori huibwa, hukatwa mtutu, huangukia mkononi mwa mtoto. Lakini kijana yule hakuomba silaha. Aliomba kumbukumbu, nasi hatukuwa na fomu ya jambo hilo. Askari aliandika namba, bibi akatia dole gumba, wakaondoka.

Serikali imetangaza zaidi ya mara moja vipindi vya msamaha ili wananchi wasalimishe silaha kwa hiari, na jambo hilo ni jema. Silaha zinazokusanywa namna hiyo aghalabu huteketezwa. Rai yetu ni kwamba yasiteketezwe magobori yote. Yachaguliwe machache katika kila wilaya, yatobolewe mtutu na kung'olewa mtambo yasiweze kulipuka tena, kisha yapelekwe makumbusho. Mbele ya Beit al-Ajaib kuna mizinga ya shaba ya Wareno iliyohifadhiwa vizazi kwa vizazi, ingawa jengo lenyewe liliporomoka sehemu yake 25 Desemba 2020. Ikiwa mizinga ya waliotupiga imepata mahali pa kukaa, gobori la mkulima lipate ubao wa mita moja ukutani, na chini yake paandikwe jina la mwenyewe, kijiji chake, kazi aliyolifanyia, na mwaka aliolirudisha yeye au mjane wake.