Siuzi Gari ya Rimoti Iliyonizidi Miaka

Wasee, leo niacheni niongee kuhusu magari ya rimoti. Sio haya ya sasa mnayoona yakiruka vumbi kwa video za sekunde kumi. Naongea kuhusu yale ya kitambo, ya miaka ya 70 na 80, yaliyotengenezwa kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Na msimamo wangu ni huu: yale magari yana thamani kubwa, lakini sio ile thamani wauzaji wanaandika kwa bei.

Historia kidogo kwanza. Jina kubwa kwa hii mambo ni Tamiya, kampuni ya Shizuoka, Japani. Ilianza mwaka wa 1946 ikiwa biashara ya mbao, halafu ikaingia kwa modeli. Gari yao ya kwanza ya rimoti ilitoka 1976, Porsche 934, iliyopunguzwa mara 12 kutoka kwa gari yenyewe. Shunsaku Tamiya, aliyeongoza kampuni miaka mingi, alinunua Porsche 911 ya ukweli, ikafunguliwa ili waone vile imeundwa ndani. Wewe fikiria. Mtu ananunua Porsche, haendi nayo mahali, anaifungua ili atengeneze toi. Hapo ndipo nilianza kuheshimu hawa watu.

Baadaye zikaja zile za kukimbia kwa mchanga na mawe. Sand Scorcher ilitoka 1979. Mwaka wa 1984 zikatoka Grasshopper na Hornet, ambazo ndizo vijana wengi wa Japani, Uingereza na Marekani walianzia, kwa sababu hazikuwa ghali sana na zilikuwa rahisi kuunda.

Neno ni hilo, kuunda. Ukinunua Grasshopper, hukuwa unanunua gari. Ulikuwa unanunua boksi la vipande: magurudumu, gia, springi, skrubu, mota, stika na kitabu cha michoro. Betri na rimoti ulinunua kando. Unakaa chini siku moja ama mbili na bisibisi, na mwishowe gari ikisonga, unajua kila kitu kilicho ndani kwa sababu ni wewe ulikiweka. Ikiharibika, hauogopi.

Yangu niliipata Toi, kwa rundo la vitu vya watoto vya mitumba. Grasshopper, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, bila rimoti, bila betri, gurudumu moja la mbele limepotea. Muuzaji hakujua ni nini. Mimi nilijua, nikanyamaza, tukamalizana na mia nane. Huo ulikuwa mwaka niliotoka chuo. Karo ilikuwa imegoma na kozi yenyewe haikuwa inaniingia, hiyo ni stori ya siku nyingine.

Sasa nisikilizeni vile hiyo gari inafanya kazi, kwa sababu hapa ndipo utamu uko.

Mfumo wa zamani wa kudhibiti spidi haukuwa na kompyuta yoyote. Kulikuwa na mkono mdogo unaosukumwa na mota ndogo, ile wanaita servo. Huo mkono unateleza juu ya vipande vya shaba. Ukibonyeza kidogo, umeme unapitia kwenye kizuizi cha umeme, kile kipande cheupe kinachofanana na kigae, na mota inapata nguvu kidogo. Ukibonyeza mpaka mwisho, umeme unapita wote. Ule umeme uliozuiwa haupotei hivi hivi, unageuka joto. Gusa hicho kipande baada ya kuendesha polepole dakika tano, utajua. Nilisoma habari ya vizuizi vya umeme sekondari, nikaandika mtihani, nikapita. Lakini siku nilichomwa kidole ndiyo siku nilielewa.

Betri pia. Gari inataka volti 7.2. Hiyo ni seli sita za volti 1.2, zimepangwa kwa mstari mmoja. Nilienda Luthuli, nikanunua seli za kuchaji, fundi mmoja akanionyesha vile ya kuziunganisha bila kuzichoma. Huyo mzee alikuwa anatengeneza redio kabla nizaliwe. Hakuniuliza kama nina digrii. Aliniambia tu, "Kijana, waya safi kwanza, moto baadaye."

Na rimoti za wakati huo zilikuwa na kitu kinaitwa kristali, kipande kidogo kinachoamua gari itasikia masafa gani. Nyingi zilikuwa za 27 MHz. Kama wewe na jirani yako mna kristali sawa, yeye akibonyeza, gari yako inakimbia. Kwa hivyo kabla ya kuwasha lazima muulizane, "Wewe uko ngapi?" Kwa mashindano kila mtu aliweka alama ya rangi kwa antena ili wengine wajue masafa yake. Leo rimoti za 2.4 GHz zinajipanga zenyewe, hauhitaji kuongea na mtu. Yangu nimeiwekea hiyo ya kisasa, kwa sababu risiva ya zamani haikuwepo. Siwezi jifanya mtakatifu wa vitu vya kale. Kitu kikisaidia, kitumike.

Sasa linganisha na gari ya rimoti ya mia tano unayonunua leo kwa duka la mtaa. Inafika na taa saba na muziki. Wiki ya pili imezima. Unaigeuza chini utafute skrubu, hakuna, imebanwa na gundi. Ukiivunja, ndani kuna ubao mmoja mdogo na betri iliyochomelewa humo humo. Hakuna kipande unaweza nunua. Mtoto analia, mzazi anasema toi za siku hizi ni takataka, inatupwa, inanunuliwa ingine. Huyo mtoto amejifunza nini? Amejifunza kwamba kitu kikikufa, kimekufa.

Hicho ndicho kinanisumbua. Sio toi peke yake. Simu zetu, spika, vichwa vya sauti, vyote vinakuja vimefungwa kama siri. Tumekuwa kizazi cha kutumia vitu bila kuruhusiwa kuviangalia ndani.

Watu huniuliza, wewe umezaliwa juzi, 1984 unaikumbuka aje? Siikumbuki. Ninachokumbuka ni gari za waya. Kama ulikulia ushago ama hata mtaani, unazijua: waya za fensi, vifuniko vya soda ama malapa yaliyokatwa kwa magurudumu, na waya mrefu wa usukani unaofika kifuani ili uendeshe ukiwa umesimama. Hiyo ndiyo ilikuwa rimoti yetu. Ilikuwa inapinda ukipinda. Ikivunjika unakunja waya mwingine. Kwa hivyo nikishika Grasshopper, simwonei wivu mtoto wa Tokyo wa wakati huo. Namwona kama mwenzangu. Yeye alikuwa na boksi na kitabu cha michoro, mimi nilikuwa na koleo ya kuazima, lakini sote tulikuwa tunajua gari yetu imeshikanishwa wapi.

Mathe hakuelewa mwanzoni. Alikuja kwangu akakuta meza imejaa gia, akaniambia, "Kumbe uliacha shule ukuje ucheze na gari ya watoto?" Sikumjibu. Mwezi uliofuata feni yake iligoma. Nikaifungua mbele yake, nikasafisha mota, nikabadilisha waya mmoja, ikazunguka. Aliangalia feni, akaniangalia, akasema, "Haya, na pasi pia iko." Kwa mama yangu, huo ndio wimbo wa taifa.

Halafu akaja mnunuzi. Msee anakusanya vitu vya zamani, akaona gari kwa video yangu, akataka elfu kumi na tano. Wakati huo rent yangu ilikuwa elfu saba na nilikuwa nadaiwa ya mwezi mmoja. Nilimuuliza ataifanyia nini. Akasema ataiweka kwa kabati la kioo. Nikamwambia, lakini Tamiya walirudisha Grasshopper sokoni 2005, si ununue mpya? Itang'aa zaidi kwa kabati. Akajibu, "Hapana boss, mpya haina maisha."

Hapo alisema ukweli kuliko alivyojua. Gari mpya inakimbia vile vile. Anacholipia ni mikwaruzo. Chini ya gari yangu mtu alichora herufi mbili kwa msumari, R na D, labda jina lake. Aliiunda, akaigonga, akaikwaruza, akakua, ikatupwa, ikavuka bahari kwa furushi. Hayo ndiyo maisha mnunuzi alitaka, lakini alitaka kuyafungia kwa kioo yasiongezeke.

Sikuuza. Rent nililipa kwa kuhariri video za harusi mbili, wiki mbili bila usingizi wa maana. Sisemi kila mtu afanye hivyo, njaa haina falsafa, na kama ningekuwa na mtoto wa kulisha pengine leo ningekuwa nawaandikia kitu kingine. Lakini Jumamosi watoto wa plot wanakuja na toi zao zilizokufa, tunazifungua. Nyingi hazifufuki. Wanaona tu ndani. Kuna msichana wa miaka tisa ambaye sasa anajua kutofautisha waya uliokatika na mota iliyoungua, na hilo darasa langu la chuo halikunifunza.

Kwa hivyo ukipita Toi ama Gikomba na uone gari ya rimoti ya kitambo kwa rundo, igeuze. Ukipata skrubu chini, nunua. Na kama nyumbani kuna kitu kimezima kimewekwa juu ya kabati, usikitupe wiki hii. Chomoa kwa stima kwanza, tafuta bisibisi, kifungue. Halafu niambieni mlikuta nini.