Kwa Baiskeli Kutoka Limuru Hadi Naivasha

Mtu atokaye Nairobi kwenda Naivasha anazo njia mbili za kuchagua. Njia ya juu hupita katika baridi ya milimani, kwa Kimende na Kinungi. Njia ya chini huachana na hiyo karibu na Rironi, upande wa Limuru, ikateremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mai Mahiu. Hii ya pili ilijengwa wakati wa Vita Kuu vya Pili kwa mikono ya mateka wa Kitaliano. Kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali limesimama kando ya barabara, na wasafiri wengi hupumzika hapo.

Njia hiyo ya chini ndiyo tuliyoishika Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti 2024, sisi watumishi kumi na wanne wa afisi moja ya Nairobi, kila mtu juu ya baiskeli yake. Hatukwenda kwa mchezo. Kabla ya kucha, tarehe 29 Aprili mwaka huo, maji ya mvua yaliyokuwa yamezibwa chini ya tuta la reli yalipasua njia, yakashuka kwa kishindo juu ya kijiji cha Kamuchiri, karibu na Mai Mahiu. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa usingizini, na nyumba zikachukuliwa pamoja na vyote vilivyokuwamo. Watoto waliosalimika walihitaji sare, madaftari, viatu na magodoro. Basi tukakusudia kuwatafutia.

Mpango wetu ulikuwa hivi. Kila mwendeshaji alichukua daftari, akapita kwa jamaa, majirani na watumishi wenzake, naye kila mtu akaandika ahadi yake: shilingi kadha wa kadha kwa kila kilomita. Safari yote ni kilomita 60 hivi. Aliyeahidi shilingi 10 alijua kwamba atatoa 600, na aliyeahidi 100 atatoa 6,000. Lakini sharti lilikuwa moja: kilomita zinazohesabiwa ni zile tu alizozipita mtu kwa miguu yake mwenyewe. Akipandishwa garini, hesabu yake yakoma hapo hapo.

Miongoni mwetu alikuwamo karani mmoja mzee, ambaye amebakiza mwaka mmoja tu apate kustaafu. Vijana walipoona jina lake katika orodha walicheka, wakaandika katika daftari lake ahadi kubwa kupita kiasi, kwa kuwa waliamini hatavuka hata Mai Mahiu. Mzee hakusema neno. Aliwashukuru mmoja mmoja, akawaomba watie sahihi. Ndivyo ilivyotokea kwamba daftari la mtu aliyedharauliwa likawa ndilo zito kuliko yote.

Tuliondoka Limuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukiwa tumevaa makoti kwa sababu ya ukungu. Baada ya Rironi nchi inafunguka ghafula. Bonde lote liko chini yako: mashamba, kisha tambarare, na mbele Mlima Longonot, ambao urefu wake ni mita 2,776, umesimama peke yake kama chungu kilichovunjika mdomo. Mteremko huu unapendeza macho lakini hauna huruma. Malori makubwa yaendayo Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapa usiku na mchana, na barabara ni nyembamba. Tulishuka mmoja nyuma ya mwingine, mikono juu ya breki, na kila baada ya kitambo tulisimama ili vyuma vipoe.

Pale Mai Mahiu, ambapo jina lake kwa Kikikuyu maana yake ni maji moto, tulivua makoti. Kutoka mjini tuligeuka kidogo kwenda kuwaona wenyeji wa Kamuchiri. Nitasema machache tu. Mahali palipokuwa nyumba tuliona mawe makubwa na mchanga, na miti imelala na mizizi yake juu. Mama mmoja, ambaye hakubakiwa na chombo hata kimoja, alituletea chai katika vikombe vya kuazima kwa jirani. Hakutuuliza tumeleta kiasi gani. Alituuliza tumetoka wapi, na kama miguu haitusumbui. Tulikunywa chai ile kwa heshima.

Kutoka hapo barabara yapanda polepole kuelekea Longonot. Jua lilikuwa kali, upepo ukatupiga usoni, na mzee akaanza kubaki nyuma. Dereva wa gari dogo lililochukua vyombo na maji alimsogelea, akamwambia, "Mzee, panda upumzike kidogo. Nani atajua?"

Mzee akamjibu, "Daftari litajua, mwanangu."

Hapo ndipo vijana wale wale waliocheka walipofanya jambo la kuwasifu. Hakuna aliyewaamuru. Watatu walipunguza mwendo, wakajipanga mbele yake ili wamkinge upepo, na kila mmoja alipochoka mwingine alishika nafasi yake. Tairi la mzee lilipopata pancha, walilibandika kiraka huku yeye akinywa maji chini ya mgunga. Walijua vyema kwamba kila kilomita anayoipita inatoka mifukoni mwao wenyewe; hata hivyo walimsukuma kwa maneno mema mpaka ziwa likaonekana.

Ziwa Naivasha ni la maji baridi, ingawa halina mto unaoonekana kutoka ndani yake. Kando yake kuna mashamba ya maua yanayouzwa Ulaya, na viboko hutoka usiku kula majani. Tulifika mjini saa tisa na nusu alasiri, watu wote kumi na wanne. Jumatatu asubuhi vijana walikuwa wa kwanza kulipa. Fedha zote zilipokewa na mweka hazina mbele ya mashahidi wawili, kila mtu akapewa stakabadhi, na vitu vikanunuliwa na kukabidhiwa kamati ya wazazi.

Mwenzetu mmoja alikuwa ameuliza, kabla ya safari, kwa nini tusitume fedha tu tukabaki nyumbani. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni hili: fedha zingefika, lakini sisi tusingefika. Tusingejua ukubwa wa mawe yale, wala tusingekunywa chai ile, wala vijana wasingepata kumfahamu mzee ambaye walikaa naye chumba kimoja miaka mingi.

Ndugu msomaji, ikiwa ninyi pia mwataka kufanya safari ya namna hii, warifuni polisi mapema, kagueni breki za kila baiskeli, na muwe na gari la kufuata nyuma. Wekeni hesabu wazi. Mwendo wa msafara na uwe mwendo wa aliye wa mwisho. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Nasi tumeona kwamba moyo nao wahitaji kutembezwa.