Kutoka Dar es Salaam Hata Kigoma

Mwezi uliopita nililetewa habari kwamba mama yangu, akaaye Ujiji, ameshikwa na ugonjwa. Mimi nakaa Dar es Salaam. Neno la kwanza moyoni mwangu lilikuwa hili: Je, nitafika lini?

Watu wa zamani walijibu swali hilo kwa miezi. Burton na Speke waliondoka Unguja mwezi wa Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Nao wapagazi wao waliikata nchi yote kwa miguu, wamechukua mizigo. Kisha ikaja reli. Ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905, hata mwaka 1914 ikafika Kigoma, urefu wake yapata kilometa 1,250. Hapo safari ya miezi ikawa ya siku.

Ndege hufupisha zaidi, maana haizunguki mlima wala haitafuti daraja. Toka kiwanja cha Dar es Salaam hata kile cha Kigoma ni kilometa 1,080 hivi, nayo isiposhuka njiani huchukua kama saa mbili. Ikitua kwanza Tabora au Mwanza, saa huongezeka. Tena msafiri mwenye busara hahesabu saa za angani peke yake. Huhesabu na mwendo wa kwenda kiwanjani, na kungoja, na kupimiwa mizigo, na gari la kumfikisha mlangoni. Mimi nilitoka kwangu kabla ya mapambazuko, na adhuhuri nilikuwa nimeketi kando ya kitanda cha mama.

Njiani nalitazama chini. Tulipita karibu na Dodoma, kisha juu ya misitu ya Unyamwezi, hata nikaona maji ya Tanganyika yaking'aa, na ng'ambo milima ya Kongo. Nikawakumbuka wale wapagazi. Mwendo wao wa kutwa sisi twauvuka kwa dakika mbili tatu.

Mama aliponiona alishangaa, akauliza, "Mwanangu, umeondoka lini?" Nikamjibu, "Leo asubuhi, mama." Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa upole, "Kumbe si mbali."

Neno hilo lilinichoma. Kwa miaka minne nilimwandikia, "Njia ni ndefu, mama, nitakuja mwakani." Kumbe iliyokuwa ndefu si njia, ila ulegevu wangu.

Ni kweli nauli ya ndege si ndogo, wala si kila nyumba iwezayo kuitoa. Lakini reli iko, na mabasi yako, na kidogo kidogo hujaza kibaba. Mama amepata nafuu, nami nimeanza kuweka akiba. Basi ndugu, kama una mzazi mbali, hesabu leo saa zilizo kati yako naye. Usingoje kuzihesabu siku uletewapo habari ya ugonjwa.